Jinsi ya kulinganisha hali ya kijamii na kiuchumi ya Waafghani na Waute

Ukitafuta pato la wastani la Mwafghani, ukatafuta na la Muute, mwenyeji asilia wa majimbo ya Utah na Colorado huko Marekani, kisha ukaziweka namba hizo mbili kwenye mstari mmoja, ulinganisho umeharibika kabla hujaandika sentensi ya kwanza. Mkulima wa Badakhshan, Afghanistan, hupimwa kwa anachokula na kutumia. Mkazi wa Towaoc, Colorado, hupimwa kwa fedha taslimu zinazomfikia. Nchi ya huyo wa kwanza haijawahi kukamilisha sensa hata moja. Huyo wa pili amehesabiwa, ila mara nyingi utamkuta kwenye jedwali lililojaa majirani zake ambao si Waute. Takwimu zipo na kazi inafanyika vizuri, mradi ujue kila namba imepatikana vipi na ni nani yumo ndani yake.

Anza kwa kuchagua jamii, si mataifa

Hakuna jamii moja ya Waute. Kuna serikali tatu za kikabila zinazotambuliwa na Marekani, kila moja na katiba, bajeti na orodha yake ya wanachama. Ute Indian Tribe iko kwenye rizavu (eneo lililotengewa kabila la wenyeji asilia) ya Uintah and Ouray huko Utah, makao yake Fort Duchesne, na ina wanachama 3,000 hivi. Southern Ute Indian Tribe ina makao Ignacio, Colorado, na wanachama 1,500 hivi. Ute Mountain Ute Tribe iko Towaoc, kusini-magharibi mwa Colorado, pamoja na kijiji cha White Mesa upande wa Utah. Wanachama wake ni 2,000 na ushei. Kiuchumi tofauti kati ya Ignacio na Towaoc ni kubwa, ingawa umbali kati yao ni mwendo wa gari wa saa moja na nusu hivi. Anayeandika "Waute ni matajiri wa gesi" na anayeandika "Waute ni maskini wa rizavu" wote wawili wameangalia mji mmoja tu.

Waafghani nao wapo wa aina tatu kwa kazi hii: walioko Afghanistan, walioko Iran na Pakistan kama wakimbizi au wanaorudishwa, na walioko Marekani na Ulaya. Usichanganye aina hizo kwenye safu moja.

Jozi zinazofaa ni chache. Ukitaka kuuliza kuhusu maji na kilimo, linganisha Ute Mountain Ute na vijiji vya umwagiliaji vya kaskazini mwa Afghanistan. Ukitaka kuuliza kuhusu madini na fedha za umma, linganisha Southern Ute na Afghanistan kama dola. Kwa anayefanya kazi hii mara ya kwanza, chaguo bora ni Utah: Waute wa Uintah and Ouray na Waafghani waliopokelewa Salt Lake City. Sheria za shirikisho ni zilezile, bei zinakaribiana, na takwimu zinatoka ofisi moja.

Nani yumo ndani ya asilimia

Asilimia ina kiasi juu na asili chini, yaani jumla ya watu unaogawanyia, na katika kazi hii makosa makubwa karibu yote yamo kwenye asili.

Chukua rizavu ya Southern Ute. Mwaka 1895 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuigawa. Makundi ya Mouache na Capote yakapokea viwanja vya familia, na mwaka 1899 ardhi iliyobaki ikafunguliwa kwa walowezi. Kundi la Weeminuche lilikataa kugawiwa, likahamia magharibi na kuishika ardhi kwa pamoja. Ndio Ute Mountain Ute wa leo. Matokeo yake yanaonekana kwenye sensa. Mwaka 2010 ndani ya mipaka ya Southern Ute walihesabiwa watu 12,000 hivi, na wengi wao si Waute. Uintah and Ouray, iliyofunguliwa kwa walowezi mwaka 1905, ilikuwa na watu 24,000 hivi, na hapo pia wenyeji asilia walikuwa wachache. Ute Mountain ilikuwa na watu 1,700 hivi, karibu wote wenyeji asilia. Kwa hiyo jedwali la "wakazi wote wa rizavu" linakuonyesha maisha ya Waute ukiwa Towaoc, lakini ukiwa Uintah and Ouray linakuonyesha zaidi wafugaji na wafanyakazi wa visima vya mafuta wasio Waute.

Njia ya kukwepa mtego huo ni hii. Kwenye tovuti ya Ofisi ya Sensa ya Marekani chagua eneo la rizavu, kisha tafuta jedwali lenye herufi C mwishoni mwa namba yake, kwa mfano B19013C kwa kipato cha katikati cha kaya (nusu ya kaya ziko juu yake, nusu chini) na B17001C kwa umaskini. Herufi hiyo ina maana ya wenyeji asilia pekee. Ukitaka kujua idadi ya waliojitaja kuwa Waute, popote wanapoishi, tumia B02014. Chukua matoleo yaliyojumlisha majibu ya miaka 5 tu. Ya mwaka mmoja hayachapishwi kwa maeneo madogo kiasi hiki.

Hata hapo, aliyejaza "Ute" kwenye sensa si lazima awe mwanachama wa kabila. Fort Duchesne hudai nasaba ya Ute ya sehemu tano kwa nane. Southern Ute hudai robo. Sheria ya mwaka 1954 iliwafuta watu 490 wa nasaba mchanganyiko kwenye orodha ya Uintah and Ouray, na vizazi vyao bado wanaishi palepale. Kumbuka pia kwamba Ofisi ya Sensa yenyewe ilikiri kuwa sensa ya 2020 iliwaacha nje takriban asilimia 5.6 ya wenyeji asilia wanaoishi kwenye rizavu.

Kwa Waafghani wa Marekani usitafute safu ya rangi au asili ya mtu kwa makundi makubwa, kwa sababu haiwaonyeshi. Tumia B05006, mahali pa kuzaliwa, pamoja na B04006, asili ya ukoo. Ya kwanza huwaacha watoto waliozaliwa Marekani na wale waliozaliwa ukimbizini Peshawar (Pakistan) au Mashhad (Iran). Ya pili hutegemea mtu mwenyewe ameandika nini, na Mwafghani wa kabila la Hazara anaweza kuandika "Hazara" badala ya "Afghan". Toa namba zote mbili.

Kwa Afghanistan yenyewe, sensa ya 1979 ilikatishwa na vita kabla ya kuzunguka nchi nzima, na haijarudiwa. Makadirio ya idadi ya watu ya ofisi ya takwimu ya taifa na ya Umoja wa Mataifa yanapishana kwa mamilioni. Basi tumia asilimia na viwango kutoka tafiti za kaya, na uepuke kabisa kutaja idadi kama "watu milioni fulani ni maskini". Angalia pia kama utafiti uliwahesabu Wakuchi, wafugaji wa kuhamahama, kwa sampuli yao ya peke yake; ukiwasahau, hali ya mashambani itaonekana nzuri kuliko ilivyo.

Umaskini: mistari miwili isiyofanana

Mstari wa umaskini wa Marekani ulibuniwa miaka ya 1960 kwa kuchukua gharama ya chakula na kuizidisha mara tatu. Huangalia fedha taslimu kabla ya kodi. Hauhesabu msaada wa chakula, nyumba za ruzuku wala matibabu ya bure. Tafiti za Afghanistan hufanya kinyume: hujumlisha matumizi ya kaya, ikiwemo ngano iliyolimwa na kuliwa nyumbani, kisha hulinganisha na gharama ya kalori 2,100 kwa mtu kwa siku pamoja na mahitaji mengine ya lazima, kwa bei za kila kanda.

Kwa hiyo asilimia 36 ya mwaka 2007/08 na asilimia 55 hivi ya 2016/17 za Afghanistan haziwezi kuwekwa mstari mmoja na asilimia ya umaskini ya Ute Mountain. Hata zenyewe kwa zenyewe zina mpaka: utafiti wa 2019/20 ulitoa asilimia 47, lakini dodoso na mbinu vilikuwa vimebadilika, kwa hiyo usichore mstari wa kushuka kutoka 55 hadi 47 ukadai maisha yaliboreka.

Badala yake fanya mambo mawili. Kwanza, pima umbali wa kila jamii na wale inaoishi nao. Gawanya kipato cha katikati cha kaya za Waute kwa kipato cha katikati cha jimbo lao, Colorado au Utah. Kwa Afghanistan gawanya matumizi ya kaya za vijijini kwa ya mijini, au ya mkoa mmoja kwa ya nchi. Uwiano hauna sarafu, kwa hiyo unalinganishika. Pili, chukua viashiria visivyo vya fedha: maji ndani ya nyumba, idadi ya watu kwa chumba, miaka ya shule kwa wasichana na wavulana kila mmoja peke yake, umbali wa kituo cha kujifungulia.

Ukilazimika kugeuza afghani kuwa dola, usitumie bei ya soko la fedha. Tumia viwango vya uwezo wa kununua na uandike mwaka wake. Na gawa kwa kichwa, si kwa kaya. Kaya ya Afghanistan ilikuwa na wastani wa watu 7.7 katika utafiti wa 2016/17. Ya Marekani ina watu 2 na nusu hivi.

Kuna jambo moja la Southern Ute ambalo wengi hawalioni. Kabila hugawia wanachama malipo kutoka mfuko wake, lakini dodoso la sensa halina mstari unaoyataja malipo hayo. Mmoja atayaandika penye gawio na mrabaha, mwingine penye mapato mengineyo, wa tatu atayaacha. Andika hilo chini ya jedwali lako, kwa sababu linaweza kusogeza kipato cha katikati cha jamii ndogo hivi.

Ajira

Tafiti za Afghanistan humtaja mtu kuwa na kazi akifanya angalau saa 8 kwa wiki. Takwimu za Marekani humtaja akifanya saa 1 ya malipo. Ripoti za zamani za Ofisi ya Mambo ya Wenyeji Asilia, ambazo hazijatolewa tena baada ya ile ya 2013, zilihesabu kuwa hana kazi kila aliyeweza kufanya kazi hata kama hakuwa akiitafuta. Ndiyo sababu utakutana na viwango vya kutisha vya ukosefu wa ajira kwenye rizavu, na karibu yake kiwango cha sensa kilicho chini zaidi, vyote kwa watu walewale. Njia salama ni kuacha "ukosefu wa ajira" na kutumia sehemu ya watu wazima walio kazini, wanawake na wanaume kila kundi peke yake.

Ardhi, maji na madini

Hapa ndipo ulinganisho unapolipa, kwa hiyo upe muda mwingi kuliko mahali pengine. Kwa kila jamii jibu: nani anamiliki juu ya ardhi, nani anamiliki chini yake, nani anagawa maji mwaka wa ukame, na nani anatia saini fedha zinapotoka.

Maji kwanza. Haki ya maji ya rizavu inatokana na hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1908. Haki ya karatasi haikuleta bomba: Towaoc iliendelea kuletewa maji kwa magari hadi mwishoni mwa karne ya 20. Makubaliano yaliyopitishwa na Bunge mwaka 1988 yaliipa Ute Mountain Ute maji ya mradi wa mto Dolores, na kwayo kabila likajenga shamba la ekari 7,700 hivi, sawa na hekta 3,100. Lakini ni maji ya mradi, hugawanywa wakati wa upungufu. Mwaka 2021 shamba lilipata takriban asilimia 10 tu ya maji yake, na mashamba mengi ya lusini, majani ya kulisha mifugo, yakaachwa makavu.

Kwenye vijiji vya Afghanistan mgawaji ni mirab, anayechaguliwa na wamwagiliaji na kwa kawaida kulipwa nafaka. Zamu huenda kwa saa, na walio mkiani mwa mfereji ndio hukosa kwanza. Mahali penye karezi, zile njia za chini ya ardhi, visima virefu vya pampu za sola vimekuwa vikishusha maji na kuzikausha. Kaskazini, mfereji wa Qosh Tepa, ulioanza kuchimbwa 2022 kutoka mto Amu Darya kwa urefu wa kilomita 285 hivi, utabadilisha nani yuko kichwani na nani mkiani.

Kipimo kinachobeba pande zote mbili ni hiki: kati ya maji ambayo jamii inastahili kwa sheria au desturi, ilipata asilimia ngapi katika mwaka mkavu zaidi wa miaka 10 iliyopita? Tafuta namba hiyo kwa kichwa na kwa mkia. Ikikosekana kwa Afghanistan, tumia saa za zamu zilizopotea, ambazo mirab anazikumbuka vizuri.

Kuhusu madini, fuata mnyororo mzima wa Southern Ute. Mwaka 1974 baraza lilisimamisha leseni mpya za mafuta na gesi hadi lielewe linachouza. Mwaka 1992 likaanzisha kampuni yake, Red Willow Production, ikanunua leseni zilizokuwa mikononi mwa wengine. Mwaka 1999 kabila lilishindwa mbele ya Mahakama ya Juu katika kesi dhidi ya kampuni ya mafuta ya Amoco kuhusu gesi iliyomo kwenye tabaka za makaa ya mawe. Hata hivyo mapato yaliendelea, kwa sababu tayari lilikuwa mzalishaji na si mpokea mrabaha pekee. Mwaka 2000 ukaanza mfuko wa uwekezaji uliotenganishwa na bajeti ya huduma. Anayesema "wamebahatika kuwa juu ya gesi" ameruka hatua nne.

Afghanistan madini ni mali ya dola, si ya kijiji. Shaba ya Mes Aynak, katika mkoa wa Logar, ilitolewa kwa kampuni za China kwa mkataba wa 2008, na kwa miaka mingi mgodi ulikaa bila kuzalisha. Kwa hiyo usilinganishe kijiji cha Logar na Ignacio kwenye mapato ya madini. Kijiji hakina chombo cha kuyapokea. Kilichokaribia chombo cha namna hiyo ni mabaraza ya maendeleo ya jamii yaliyoundwa na mpango wa kitaifa wa 2003 hadi 2016 katika vijiji zaidi ya 30,000, ambayo yalipewa ruzuku na kuchagua yenyewe mradi wa maji, barabara au shule.

Swali la saini ndilo linalofunua zaidi. Mwaka 1950 Waute walishinda fidia ya takriban dola milioni 32 kwa ardhi waliyoporwa, lakini mipango ya kuzitumia ilipaswa kuidhinishwa na serikali ya shirikisho. Agosti 2021, Taliban waliposhika madaraka, takriban dola bilioni 9 za akiba ya benki kuu ya Afghanistan zilizuiwa nje, bilioni 7 kati yake zikiwa Marekani. Mwaka 2022 nusu ya hizo 7 ilihamishiwa mfuko ulioko Uswisi. Mara zote mbili fedha zilikuwa za wenyewe, na ufunguo ulikuwa Washington. Waute wana mahakama za kushtakia na kura ya kupiga. Familia ya Kandahar haina kimojawapo, na tofauti hiyo iandike wazi kwenye matokeo, usiiache kwenye dokezo la chini.

Usichanganye kabla na baada ya 2021

Uchumi wa Afghanistan ulisinyaa kwa takriban moja ya tano mwaka 2021, misaada iliyokuwa ikibeba sehemu kubwa ya bajeti ilipokatika. Wasichana wamezuiwa shule za sekondari tangu mwaka huo na vyuo vikuu tangu Desemba 2022. Kilimo cha afyuni kilipigwa marufuku Aprili 2022, na mwaka uliofuata eneo lake lilishuka kwa asilimia 95 kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa. Namba ya elimu ya 2016/17 haielezi maisha ya binti wa miaka 14 leo. Tengeneza safu mbili, kabla na baada, hata kama ya pili itakuwa na matundu.

Utah

Kwa jozi ya Utah ongeza safu ya muda: mwaka wa kufika kwa Waafghani. Waliofika miaka ya 1980 na waliofika baada ya Agosti 2021 hawana uchumi mmoja. Msaada wa fedha kwa mkimbizi mpya ulikuwa miezi 8, ukapanuliwa kuwa 12, kisha mwaka 2025 ukapunguzwa kuwa 4. Pima kipato kabla na baada ya msaada kuisha. Weka pia aina ya hati ya ukaazi, kwa kuwa daktari au mhandisi mwenye kibali cha muda tu hapati kwa urahisi mkopo wa nyumba wala utulivu wa kusomea leseni upya. Kwa Waute, safu inayolingana na hiyo ni uanachama wa kabila: ndani ya nyumba moja mama anaweza kuwa mwanachama na mtoto asiwe. Wasomaji wa Kiswahili walioko Salt Lake City, wengi wao kutoka Kongo, wanaweza kutumia utaratibu huuhuu kwa jamii yao kwa kubadilisha nchi ya kuzaliwa tu.

Hesabu ya kosa

Makadirio ya sensa ya Marekani huja na kiwango cha kosa kwa uhakika wa asilimia 90. Kigawe kwa 1.645 upate kosa sanifu. Gawanya kosa sanifu kwa makadirio yenyewe: chini ya asilimia 12 ni nzuri, kati ya 12 na 30 tumia kwa tahadhari, juu ya 30 usichapishe.

Kwa mfano wa namba za kubuni: jamii A ina asilimia 28 na kosa 9.2, jamii B ina 21 na kosa 4.1. Makosa sanifu ni 5.6 na 2.5. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: 6.1. Tofauti ni 7, na 7 kwa 6.1 ni 1.1. Haijafika 1.645, kwa hiyo huwezi kusema A ni maskini kuliko B. Jamii ya watu 2,000 itakupa majibu ya namna hii mara kwa mara. Yaripoti hivyohivyo.

Vipimo

Jeribu moja ya Afghanistan ni mita za mraba 2,000, yaani tano kwa hekta. Ekari moja ni hekta 0.405. Seri ya Kabul ni kilo 7 hivi, lakini hubadilika kwa mkoa, kwa hiyo uliza. Mwaka wa Afghanistan wa jua huanza takriban 21 Machi: 1395 ulianzia Machi 2016 ukaishia Machi 2017. Ndiyo maana tafiti huandikwa kwa miaka miwili, na ukizipachika mwaka mmoja utalinganisha majira tofauti ya mavuno.

Ruhusa

Ukitaka kuhoji watu kwenye rizavu, omba kwanza kwa baraza la kabila husika, kila kabila peke yake. Kibali cha chuo chako hakitoshi. Uliza takwimu zitahifadhiwa wapi, nani ataziona, na kama baraza linataka kusoma rasimu. Weka miezi kadhaa kwenye ratiba kwa hatua hiyo. Kwa jamii ndogo hivi, usichapishe kisanduku chenye watu chini ya 10. Mjane mwenye watoto watano White Mesa anajulikana na kila mtu hata bila jina.

Kwa Afghanistan hatari ni ya mwili. Usiandike jina, kijiji wala namba ya simu ya mhojiwa kwenye faili moja na majibu yake. Wanawake wahojiwe na wanawake, na tangu Desemba 2022 wafanyakazi wa kike wa mashirika yasiyo ya kiserikali wamewekewa marufuku, hivyo mahojiano mengi hufanyika kwa simu. Hiyo inawaacha nje wasio na simu yao wenyewe, ambao ndio maskini zaidi. Kwenye jedwali, kando ya kila namba ya Afghanistan iliyokusanywa baada ya tarehe hiyo, andika kama ilipatikana ana kwa ana au kwa simu, na ni nani katika kaya aliyeshika simu.